Kilicho Nyuma ya Mastiki: Kamba ya Sponji na Uzibaji wa Viungio vya Majengo

Mwanya unaobaki kati ya fremu ya dirisha la alumini na ukuta wa tofali huonekana kuwa jambo dogo, ambalo fundi hulimaliza kwa dakika chache mwishoni mwa kazi akiwa na bunduki ya silikoni mkononi na wazo moja kichwani, yaani kuujaza mwanya huo mpaka ufurike. Wazo hilo ndilo linalozaa uvujaji mwingi unaojitokeza baada ya masika mawili au matatu, wakati plasta ya chini ya dirisha inapoanza kututumka na rangi kubanduka, na mwenye nyumba akaamini kwamba aliuziwa dawa mbovu. Kiungio cha jengo hakizibwi kwa kujazwa. Kinachozuia maji ni utepe mwembamba wa mpira ulioshika kingo mbili za mwanya na kuachwa huru mgongoni, na kinachoupa utepe huo unene, umbo na uhuru wake ni kipande cha sponji cha bei ndogo ambacho kikishafunikwa hakionekani tena maisha yote ya jengo. Kwa hiyo swali la namna ya kuziba mwanya ni kwanza swali la kile kinachowekwa nyuma ya dawa, na ubora wa dawa yenyewe hufuata baadaye.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa. Mastiki hapa ni dawa nzito ya kuzibia, inayotoka kwenye tyubu ikiwa laini kama uji mzito na kisha kuganda ikawa mpira. Mafundi wengi huiita silikoni kwa jumla, hata pale inapokuwa ya poliyurethani, ya polisalfaidi au ya akriliki isiyo na chembe ya silikoni ndani yake. Kamba ya sponji ni ule mche wa sponji wenye umbo la kamba ya mviringo, unaouzwa kwa mita au kwa mafungu katika vipenyo kuanzia milimita 6 hivi hadi 50 na zaidi, ambao husukumizwa ndani ya mwanya kabla ya mastiki kumiminwa juu yake. Katika duka la kawaida la vifaa vya ujenzi la mtaani kamba hiyo ni adimu kuliko mastiki, na upungufu huo peke yake unaeleza mengi kuhusu jinsi kazi inavyoeleweka.

Haja ya kiungio chenye mpira hutokana na mwendo. Kila kitu kilichomo katika ukuta hutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, lakini havifanyi hivyo kwa kipimo kimoja: zege hutanuka takriban sehemu 10 kwa milioni ya urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, alumini takriban sehemu 24, na plastiki ngumu ya fremu za PVC mara mbili hadi tatu ya alumini. Fremu ya alumini yenye urefu wa mita 3, iliyopakwa rangi nyeusi na kuelekea magharibi, inaweza kupanda na kushuka nyuzi 40 kati ya alfajiri na alasiri, na kwa hesabu hiyo urefu wake hubadilika kwa karibu milimita 2.9, ilhali zege la urefu huohuo, hata kama lingepata joto lilelile, lingebadilika kwa milimita 1.2 tu. Juu ya mwendo huo wa kila siku huongezeka kusinyaa kwa tofali za saruji zinapokauka, kukaa kwa msingi kwenye udongo wa mfinyanzi, na mtikisiko wa upepo kwenye majengo marefu. Mwendo wenyewe ni mdogo, lakini hurudiwa mchana na usiku, na katika miaka 10 mpira ulioko pale huwa umevutwa na kubanwa zaidi ya mara 3,600.

Majengo ya zamani ya pwani hayakuwa na tatizo hili kwa sura hii. Nyumba za mawe za Zanzibar, Lamu na Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikiwa na kuta nene na vyumba ambavyo upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na kwa kuwa chokaa ni laini na hukubali kupinda kidogo, mwendo wa ukuta uligawanyika katika nyufa ndogondogo nyingi zisizoonekana. Ujenzi wa saruji, alumini na kioo umefanya kinyume chake: umezifanya sehemu kuwa kubwa na ngumu, na mwendo wote ambao zamani ulitawanyika ukutani umekusanywa katika mistari michache, ambayo ndiyo viungio. Mzigo uliokuwa wa ukuta mzima sasa hubebwa na utepe wa mpira wenye upana wa kidole.

Uwezo wa utepe huo una mipaka iliyopimwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11600 huzipanga mastiki katika madaraja, na mastiki ya daraja la 25 ni ile inayostahimili mwanya wake kupanuka au kupungua kwa asilimia 25 ya upana ulioanza nao. Mwanya wa milimita 12 ukipata mwendo wote wa milimita 2.9 wa fremu iliyotajwa, utakuwa umetumia asilimia 24, yaani umefika ukingoni mwa uwezo wa daraja hilo. Mwanya wa milimita 6 ungekuwa umepita karibu mara mbili ya uwezo huo na ungepasuka hata kama kazi ingefanywa na fundi bora kuliko wote. Wale wanaodhani kwamba mwanya mwembamba ni dalili ya kazi safi wanapaswa kuitazama hesabu hiyo mara mbili. Muda wa kuziba nao una uzito wake, kwani mastiki iliyowekwa alasiri fremu ikiwa imetanuka na mwanya umejibana hubaki ikivutwa karibu maisha yake yote, na iliyowekwa wakati wa joto la wastani hugawana mvuto na mbano.

Upana ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kina, na hapa ndipo akili ya kawaida inapompotosha mtu, kwa kuwa kila mmoja huamini kwamba kitu kinene ni imara kuliko kitu chembamba. Mpira una tabia moja ambayo imani hiyo huisahau: unaweza kubadilishwa umbo kwa urahisi, lakini ujazo wake haubadiliki. Unapovutwa kwa upana lazima upungue mahali pengine, na katika kiungio mahali pekee panapoweza kupungua ni usoni na mgongoni, ambapo mpira huingia ndani na kufanya kiuno. Mwaka 1959 Egons Tons, mtafiti wa barabara nchini Marekani, alichapisha uchambuzi uliochukulia kwamba uso huo unaoingia ndani hufuata mkunjo wa parabola, na kwa dhana hiyo mtu anaweza kukokotoa ni kiasi gani uso wa mpira unavutwa kwa kila kina. Mwanya wa milimita 12 ukipanuka kwa milimita 3, mpira wenye kina cha milimita 6 huvutwa usoni kwa asilimia 26 hivi, wenye kina cha milimita 12 kwa karibu asilimia 30, na wenye kina cha milimita 24 kwa asilimia 42. Mwendo wa ukuta ni uleule katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni kwamba mpira mnene una ujazo mwingi zaidi wa kuuficha, hivyo uso wake hulazimika kujikunja zaidi, na nguvu ya ziada hubebwa na mistari miwili ambako mpira umeshikana na kingo. Kwa maneno mengine, fundi aliyemimina tyubu nne mahali pa moja ameongeza nguvu inayobandua kazi yake mwenyewe.

Ndiyo maana waandishi wa miongozo ya uzibaji hurudia uwiano wa mbili kwa moja, yaani kina kiwe nusu ya upana, kisipungue milimita 6 na kisizidi 12 au 13 hata mwanya ukiwa mpana zaidi. Uwiano huo hauwezi kupatikana kwa bunduki na jicho peke yake, kwa sababu mwanya halisi una kina cha ukuta wote, na mastiki ikimiminwa bila kizuizi huenda popote inapotaka. Kizuizi kinachoamua mahali ambapo mastiki itaishia ni kamba ya sponji, na kwa kuwa kamba ni ya mviringo, mgongo wa mastiki unaoilalia hupata mbonyeo. Fundi akipitisha mwiko mdogo wenye ncha ya duara upande wa mbele, uso nao hubonyea, na umbo linalobaki ni jembamba katikati na pana kwenye kingo, mfano wa kiuno cha nyigu. Upana wa kwenye kingo huongeza eneo la kushika, na wembamba wa katikati hupunguza nguvu inayohitajika kuvuta. Umbo hilo lingekuwa gumu kulichonga kwa makusudi, na kamba hulitoa bila hesabu yoyote.

Hata hivyo kazi ya kamba iliyo na uzito kuliko zote ni ya kukataa. Mastiki ikishika kingo mbili na pia sakafu ya mwanya, hupoteza mgongo wake huru, na kwa kuwa haiwezi tena kufanya kiuno upande wa ndani, mvuto wote hukusanyika kwenye pembe mbili ambapo kingo hukutana na sakafu. Kupasuka huanzia hapo, ndani kabisa, kwenye giza, na huenda kwa muda mrefu bila kuonekana nje. Waingereza na Wamarekani huliita kosa hili mshiko wa pande tatu, na jina hilo linafaa kuchukuliwa kama lilivyo. Sponji ya polithini huzuia kosa hilo kwa sababu mastiki nyingi hazishikani na polithini. Kila aliyewahi kujaribu kubandika ndoo ya plastiki iliyopasuka kwa gundi anaujua ubishi huo. Nyenzo inayolaumiwa kila mahali kwa kutokubali gundi, hapa huchaguliwa kwa sababu hiyohiyo.

Shirika la viwango la ASTM la Marekani, katika kiwango chake cha C1330, huzigawa kamba za aina hii katika makundi matatu, ambayo yanaweza kuitwa sponji funge, sponji wazi na sponji mchanganyiko. Sponji funge ni ya polithini, na vipovu vyake kila kimoja kimejifunga peke yake, hivyo hainywi maji na ina ugumu wa kutosha kuhimili mgandamizo wa mwiko. Ndiyo inayofaa kwa viungio vilivyolala, kama vile kwenye sakafu, paa la zege na baraza. Sponji wazi ni ya poliyurethani, laini kama ya godoro, na vipovu vyake vimefunguliana. Hupitisha hewa, na faida ya tabia hiyo ni kwamba mastiki inayoganda kwa unyevu wa hewani hupata unyevu huo mbele na nyuma, hivyo hukomaa upesi zaidi. Hasara yake ni kwamba hunywa maji na kuyahifadhi, kwa hiyo hufaa kwa viungio vilivyosimama tu, na mvua ikinyesha kabla haijafunikwa lazima itolewe. Sponji mchanganyiko ina ngozi iliyofungwa nje na vipovu vya aina zote mbili ndani, nayo ilitengenezwa ili kuepuka kasoro moja ya sponji funge ambayo inastahili kuelezwa kwa karibu.

Kipovu cha sponji funge ni kifuko cha hewa iliyofungiwa. Fundi anayeisukumiza kamba ndani ya mwanya kwa ncha ya bisibisi, kama ilivyo desturi ya wengi, huitoboa ngozi yake kila baada ya sentimita chache, na matundu hayo hayaonekani kwa sababu sponji hujirudi. Mastiki humiminwa juu, husawazishwa, huanza kufanya ngozi baada ya dakika chache, na kila kitu huonekana kizuri. Kisha jua hufika ukutani. Hewa iliyobanwa ndani ya vipovu vilivyotobolewa hutanuka, hutafuta njia, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupita katika mastiki ambayo bado ni laini chini ya ngozi yake; hufika karibu na uso na kuinua vipele mfululizo, vingine vikubwa kama punje ya kunde, ambavyo vikipasuka huacha tundu linaloenda moja kwa moja hadi kwenye sponji. Maji hayahitaji mlango mkubwa kuliko huo. Tiba yake haina gharama: kamba isukumizwe kwa kitu butu, na kilicho bora ni kipande cha ubao kilichochongwa hatua, ambapo ulimi wake unaoingia mwanyani una urefu sawa na kina kinachotakiwa na mabega yake hugota kwenye kingo za ukuta. Kibao hicho cha kuokotwa takatakani huilinda kamba na kupima kina kwa wakati mmoja, na haijulikani kwa nini hakimo katika kila mfuko wa fundi.

Ukubwa wa kamba nao si wa kukisia. Sponji funge huchaguliwa iwe na kipenyo kinachozidi upana wa mwanya kwa takriban asilimia 25, na sponji wazi, kwa ulaini wake, izidi kwa asilimia 50 hivi, ili kamba ikae kwa kujibana yenyewe na isirudi nyuma mwiko unapopita. Mwanya wa milimita 12 kwa hiyo hutaka kamba ya 15. Kosa la kawaida hapa ni kuivuta kamba ndefu ili itoshe urefu wa dirisha, au kuivuta bila kukusudia inapoingizwa, kwani kamba iliyovutwa huwa nyembamba, hukaa vibaya, na baada ya saa chache hujirudi na kuacha pengo kwenye pembe, mahali ambapo maji ya mvua ya upepo wa kusi hupenda kupita kuliko pengine pote.

Mahali ambapo kamba haipatikani, mafundi hutumia kilicho karibu, na haifai kuvidharau vibadala vyote kwa pamoja. Karatasi ya mfuko wa saruji na magazeti ni vibaya kuliko vyote, kwa sababu mastiki hushikana navyo, vyenyewe hunywa unyevu, na mchwa huvihesabu kuwa chakula. Matambara yana kasoro hizohizo kwa mwendo wa polepole. Vipande vya polistirini nyeupe, ile ya kufungia televisheni, havinywi maji sana, lakini vikibanwa mara moja hupondeka na havirudi, hivyo mwanya ukipanuka hulegea na kuuacha mpira bila kiti. Sponji ya kopo, inayotoka kama povu na kufura, husifiwa sana na wauzaji, na kwa kuzuia joto na kelele ndani ya ukuta ina nafasi yake. Kuwa mgongo wa mastiki haifai, kwa kuwa hushika kila kitu inachokigusa, huganda ikawa ngumu, na ikiachwa juani hugeuka rangi ya kahawia na kuwa unga. Ukanda uliokatwa kwenye sponji ya godoro ni jambo la kufikiriwa zaidi: kwa tabia ni ndugu wa sponji wazi, na katika kiungio cha ndani kisichopata maji hufanya kazi isiyo mbaya. Kila kibadala huwa afadhali kikifunikwa kwanza kwa ukanda wa nailoni nzito inayotandikwa chini ya jamvi la zege kuzuia unyevu, kwani nailoni hiyo ni polithini, nayo itaikataa mastiki kama kamba yenyewe ingefanya.

Ukanda wa namna hiyo ndio suluhisho pia pale ambapo kamba haiwezi kuingia kabisa. Mwanya ukiwa na kina cha milimita 6 au 8 tu hauna nafasi ya kamba na mastiki kwa pamoja, na hapo hutandikwa utepe wa polithini sakafuni mwa mwanya, unaoitwa kwa kazi yake utepe wa kuzuia mshiko. Kwenye ufa mwembamba kuliko milimita 6 hakuna kamba wala utepe utakaosaidia. Ufa wa plasta usiocheza huzibwa kwa dawa ya kupaka, na ufa unaocheza lazima upanuliwe kwa mashine ya kukatia mpaka uwe kiungio halali, jambo ambalo wenye nyumba hulipinga kwa sababu linaonekana kama kumwongezea mgonjwa kidonda.

Upande wa gharama unashangaza kwa kuwa kamba hujilipia yenyewe siku ileile. Tyubu ya mililita 300, ikimiminwa katika mwanya wa milimita 12 kwa kina cha 6, hufika mita 4.2 hivi, lakini ikimiminwa katika mwanya huohuo kwa kina cha 24, haifiki mita 1 na sentimita 5. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.5 lina mzingo wa mita 5.4, kwa hiyo hutumia tyubu moja na theluthi likiwa na kamba, na tyubu tano na zaidi likijazwa bila kamba. Mastiki nene pia huchelewa, maana nyingi kati ya zile za tyubu huganda kutoka nje kuelekea ndani kwa milimita 2 au 3 kwa siku, na kadiri ngozi inavyonenepa ndivyo unyevu unavyochelewa kupenya, hivyo kazi yenye kina cha milimita 24 inaweza kukabidhiwa kwa mwenye nyumba ikiwa bado uji ndani. Anayeacha kamba ili kubana matumizi amefanya hesabu kinyume.

Kuna kulinganisha kunakofaa kufanywa na ufundi ambao pwani inaujua kwa karne nyingi. Katika lugha ya mafundi wa vyombo, kalafati ni kazi ya kuziba maungio ya mbao za jahazi kwa pamba iliyolowekwa mafuta, inayopigiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mbao, na baadaye tumbo la chombo hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Kwa haraka mtu angesema kwamba pamba ile ni babu wa kamba ya sponji, kwa kuwa zote mbili husukumizwa kwa kitu butu na kufunikwa kwa dawa. Kwa undani mambo yamegeuzwa. Kwenye jahazi kinachozuia maji ni pamba yenyewe, ambayo mbao zikilowa na kufura huibana kwa nguvu, na kinachopakwa juu ni cha kuilinda; kiungio hakitarajiwi kufunguka, kinatarajiwa kujifunga kadiri chombo kinavyokaa majini. Kwenye jengo kinachozuia maji ni kile kilichopakwa juu, na kilichosukumizwa ndani hakizuii maji wala hakikusudiwi kuyazuia. Fundi aliyerithi mkono wa kalafati, akashindilia mwanya wa dirisha kwa nguvu zote, anafuata mantiki sahihi katika mahali pasipo pake.

Mipaka ya kamba ya sponji nayo inahitaji kutajwa bila haya. Polithini ya kawaida huyeyuka kwenye joto la nyuzi 105 hadi 115 hivi, kwa hiyo haiwezi kuwekwa chini ya lami ya moto inayomiminwa kwenye viungio vya barabara ikiwa na nyuzi zinazokaribia 200. Kwa kazi hiyo kuna kamba za pekee zinazostahimili joto. Kwenye matangi na mabwawa ya kuogelea, uzito wa maji huisukuma mastiki dhidi ya mgongo wake, na sponji laini hukubali kubonyea, hivyo hutakiwa mgongo mgumu zaidi. Na katika ukuta uliokusudiwa kuzuia moto, sponji ya plastiki ni kuni. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa moto wa jengo la Grenfell, London, ulioua watu 72 mwezi Juni 2017, ilieleza kwamba moto ulitoka jikoni na kufikia vifuniko vya nje kupitia eneo la dirisha, ambamo fremu ilizungukwa na plastiki na vijazio vinavyoshika moto. Kamba ya sponji haikuwa mshitakiwa wa maafa hayo, lakini somo la mianya ya madirisha ya majengo marefu linaihusu, na mahali pa namna hiyo hutumika pamba ya mawe pamoja na mastiki iliyopimwa kwa moto.

Kamba haiondoi pia wajibu wa kuandaa kingo. Mastiki hushika kile inachokigusa, na ikigusa vumbi la saruji itashika vumbi. Silikoni inayonuka siki, ambayo ni ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa madukani, hutoa asidi inapoganda, na asidi hiyo hugombana na chokaa iliyomo katika saruji, hivyo mshiko wake juu ya plasta hudhoofika hata umbo liwe kamili namna gani. Kwenye ukuta hufaa silikoni isiyo na harufu hiyo au poliyurethani.

Kazi iliyokwisha inaweza kuhojiwa kwa wembe. Hukatwa sehemu yenye urefu wa kidole, mahali pasipoonekana, na kipande hicho huvutwa taratibu kwa vidole. Kikinyanyuka chepesi ubavuni na kuacha ukingo mkavu, tatizo ni vumbi, unyevu au dawa isiyolingana na ukuta. Kikikutwa kimeshachanika katikati kabla ya kuvutwa, huenda mwanya ulikuwa mwembamba kuliko mwendo wake. Kisha hugeuzwa mgongo. Mgongo laini, wenye mbonyeo na alama hafifu za vipovu, unaonyesha kwamba kamba ilikuwepo na ilikaa inavyopasa. Mgongo wenye punje za mchanga, nyuzi za karatasi ya saruji na mpasuko mdogo kwenye kila pembe unaonyesha kwamba mpira uliomiminwa pale ulianza kuchanika kabla rangi ya ukuta haijapakwa mkono wa pili.